Kifafa cha Kijibwa cha Mkubwa

Kibondo,
Mfungo Mosi, 1974

Kwako Kaka Issa,

Salamu kwanza, kabla hasira haijanipokonya kalamu. U hali gani wewe na watu wa nyumbani mwako? Mguu wa mama unaendeleaje tangu baridi iishe, na je, bado anaona haya kutembea na fimbo mbele ya wakwe? Yule mtamba mwekundu mliyeniandikia kwamba ana mimba, ameshazaa? Na Idi mliisherehekea vipi huko Kondoa? Mimi niliisherehekea hapa hapa Kibondo, kwa ugali wa muhogo na kuku niliyeletewa na majirani. Ni Waha, tena Wakristo, lakini walikumbuka kwamba ile ni sikukuu yangu. Mwili wangu ni mzima. Moyo ndio una ugomvi, na huku sina mtu wa kugombana naye, kwa hiyo itabidi univumilie wewe.

Uliniuliza mbona nimekaa kimya mwezi mzima. Nilikaa kimya kwa sababu kila nikishika kalamu yalikuwa yanatoka matusi, na najua barua zangu husomwa kwa sauti mbele ya mama. Hii isome kwanza peke yako, halafu uchague ya kumsomea.

Kazi yangu unaijua. Huku wananiita bibi mifugo, wengine kwa heshima na wengine kwa kucheka, maana hawajazoea kuona msichana akimkamata fahali pembe. Tangu mwezi wa Shaabani nilikuwa naomba gari niende Mabamba, kule mpakani na Burundi, kwa sababu ndama walikuwa wanakufa kwa ndigana. Kupe wamejaa, josho limekauka, dawa ninayo sandukuni lakini miguu ya kuifikisha sina. Nilijibiwa kwamba petroli hakuna. Nikaomba tena. Petroli hakuna. Mwisho nikaenda kwa baiskeli ya kuazima, nikafika nikiwa nimechelewa. Mzee mmoja wa huko, Mzee Bukuru, alinipeleka nyuma ya zizi akanionyesha alipowafukia ndama wake. Akaniuliza bila ukali wowote, "Bibi mifugo, wewe kazi yako ni kuja kutazama makaburi?" Wakati wa kuondoka akanipa chupa ya asali, akasema ni ya kufuturia, kwa kuwa aliniona midomo imekauka. Hebu fikiria, Kaka. Mtu ambaye sikumsaidia kitu ananipa asali.

Basi wiki ya tatu ya Ramadhani, asubuhi, Landrova ikasimama mlangoni kwangu. Dereva akasema natakiwa Kasulu upesi, kuna mgonjwa. Nilifurahi kama mjinga. Nilikuwa nimesikia kwamba Titye, upande wa Kasulu, kuna ng'ombe wenye ugonjwa wa midomo na kwato, nikajua hatimaye wakubwa wameamka. Nikafunga dawa zote, nikatia na ile asali mfukoni, tukaondoka. Barabara yenyewe vumbi tupu, misitu imechomwa pande zote mbili, na mimi kinywa kikavu. Tulipokaribia Kasulu nikamwuliza dereva kama tutapitiliza Titye au tutalala mjini kwanza.

"Titye kuna nini?" akasema. "Tunakwenda nyumbani kwa Mkubwa. Mbwa wake anaanguka kifafa."

Nilimwambia arudie, akarudia. Petroli ya ndama wa Mabamba haipo miezi miwili, petroli ya mbwa imepatikana siku moja. Kama ningekuwa na nguvu za kutembea ningeshuka pale pale.

Huyu Mkubwa nitamwita Mkubwa tu. Cheo chake na ofisi yake sivitaji, barua hupita mikono mingi. Mtu mwenyewe ni Mwislamu mwenzetu, mtu wa kuswali, nyumba yake pana, na Ramadhani watu wengi hufuturu barazani kwake. Hilo silikatai. Mkewe anaitwa Bi Rukia, mwanamke mpole anayemwogopa mumewe zaidi ya inavyohitajika. Mbwa si wao. Mzungu mmoja aliyekuwa akipima barabara alikwenda likizo kwao, akawaachia mpaka atakaporudi, na Mkubwa hakuweza kumwambia Mzungu hapana.

Mgonjwa nilimkuta amelala kikapuni kwenye ukumbi wa nyuma. Mweupe, manyoya marefu, hajatimiza miezi mitano, na hata akikua hatakua sana, maana Wazungu huwazalisha hivyo makusudi wawapakate. Ukubwa wake hauzidi wa sungura. Jina lake Lulu. Sasa wewe unajua nyumba yetu ilivyokuwa na mbwa. Akikulamba, unaosha mara saba, moja kwa udongo. Na kwa Mkubwa ni hivyo hivyo, hakuna aliyetaka kumgusa. Kwa hiyo waliajiri mtu wa kumgusa. Walimchukua mama mmoja mkimbizi wa Burundi, Mkristo, jina lake Skolastika, mumewe aliuawa kule mwaka juzi, naye akavuka mto na mimba. Mtoto mwenyewe alikuwa naye mgongoni, wa kike, mkimya kuliko watoto wote niliowahi kuwaona. Kazi ya Skolastika ilikuwa kumwogesha mbwa, kumlisha na kufagia uwanja. Anakuja asubuhi, anaondoka baada ya futari akishalisha mbwa makombo.

Siku ile ile ya kufika nilikiona kifafa chenyewe. Ilikuwa alasiri, adhana ya msikiti wa mjini haijaisha. Lulu alisimama kikapuni, akayumba kama amelewa, akatazama ukutani kama haoni ukuta. Halafu akaanguka ubavu, miguu ikakakamaa, taya zikagongana, mate yakamtoka na mkojo ukamtoka. Ilichukua kama dakika mbili. Kisha akalala amelegea, na alibaki hivyo hivyo mpaka magharibi. Watu walipofuturu Skolastika akamwekea makombo ya uji na mkate, akala, na baada ya muda mfupi alikuwa anakimbia uwanjani akibwekea kuku. Hapo hapo nilipaswa kuona, Kaka. Nilisomeshwa na serikali ili nione vitu vya namna hiyo, na sikuona.

Mkubwa alikuwa ameshaamua mwenyewe kwamba ni kichaa cha mbwa. Kabla hata ya kuniita alikuwa amewatuma mgambo wakapiga risasi mbwa wawili wa jirani, mbwa wa kuwindia wa mzee mmoja Muha, wazima kabisa, eti ndio waliomwambukiza. Nilimweleza kwamba mbwa wa kichaa hashikwi na kifafa alasiri akapona magharibi. Huyu anakunywa maji, anajua watu, hana homa, na cheti cha chanjo Mzungu aliacha. Mkubwa akasema, "Basi ni nini?" Nikasema nitatafuta.

Nikatafuta kama nilivyofundishwa. Nikampa dawa ya minyoo, kwa maana minyoo mingi humwangusha mtoto wa mbwa, na kweli minyoo ilitoka. Kesho yake alasiri akaanguka tena. Nikamchunguza masikio, meno, kichwa kama amegongwa. Hakuna. Asubuhi ya siku ya tatu, nikiwa nimemwinamia, ndipo nikasikia harufu ya ile dawa nyeupe ya unga wanayonyunyizia maharage ghalani yasibunguliwe. Manyoya yote yalikuwa yananuka. Nikamwita Skolastika, nikamwuliza kwa ukali, na ukali wenyewe ulikuwa wa saumu na wa Landrova, haukuwa wake: "Ulimtia nini mbwa huyu?"

"Kidogo tu, dada," akasema. "Viroboto vilikuwa vinamukula. Kwetu tunaweka ku mbuzi."

Nami, Kaka, kwa kutaka kuonekana najua, nikasimama katikati ya ukumbi, Mkubwa yuko, Bi Rukia yuko, nikasema kwamba dawa ile ikimwingia mbwa mdogo inaweza kumwangusha kifafa. Ni kweli, inaweza. Tulifundishwa chuoni. Lakini nilisema kabla ya kupima saa za kifafa, kabla ya kuuliza alimtia lini, na mbele ya mtu aliyekuwa anasubiri kusikia neno moja tu. Mkubwa alilisikia. "Sumu," akasema. "Nilijua tangu mwanzo. Huyu mwanamke amemtilia mbwa sumu."

Nilijaribu kueleza kwamba kumtibu viroboto si kumtilia sumu, na kwamba kila nyumba hapa inafanya hivyo kwa mbuzi na kuku. Hakuna aliyenisikiliza tena. Kabla ya adhuhuri mgambo wawili walikuja wakamchukua Skolastika na mtoto wake mgongoni, wakampeleka ofisi ya kata. Mkubwa akasema wazi kwamba anaandika barua arudishwe kwao kupitia Mabamba. Mimi Mabamba napajua. Nimewasikia watu wa huko wakieleza waliyoyaona yakielea mtoni. Kumrudisha mtu kule ni kumpeleka akauawe, na kila mtu pale ukumbini alilijua hilo, ila waliendelea kutazama mbwa.

Skolastika hakulia. Alipopita mbele yangu akasema, "Dada, wewe ndiye umesema." Akaendelea na njia.

Sikuweza kuswali vizuri siku ile. Alasiri kifafa kikaja kama kawaida, nikakitazama tu. Kesho yake niliamka nimepitwa na daku, na sasa hakukuwa na mtu mwingine wa kumgusa mbwa isipokuwa mimi. Nikamwogesha kwa sabuni mara mbili mpaka harufu yote ya dawa ikatoka, nikamkausha juani, nikafua nguo zangu, nikaosha mikono mara saba, mara moja kwa udongo, na moyoni nikimtukana kila mtu kwa jina lake. Nilijiambia, kama ni dawa ya maharage, leo kifafa kitapungua. Nikakaa naye ukumbini kungojea.

Alasiri ilipofika mikono yangu mwenyewe ilianza kutetemeka. Unaijua ile hali, umefunga bila daku, jua limekupiga, macho yanaona nyota na ukisimama dunia inasogea. Nilikuwa nimemshika Lulu magotini, naye akaanza kutetemeka. Mikono yangu inatetemeka, mbwa anatetemeka, sikuweza kujua kutetemeka kupi ni kwa nani. Nikamtazama. Nikajiuliza: mimi natetemeka kwa nini? Jibu la swali langu likawa ndilo jibu la mbwa pia. Nikafungua mfuko, nikatoa asali ya Mzee Bukuru, na meno yake yakiwa yameanza kugongana nikampaka kwenye ufizi kwa kidole. Nikampaka tena. Kifafa kilikatika katikati. Baada ya muda wa kuswali rakaa nne hivi alikuwa amekaa, anaulamba mkono wangu, anatafuta nyingine.

Nikaenda jikoni moja kwa moja, mikono yenyewe haijaoshwa. Bi Rukia alikuwa anaandaa futari. Nikamwuliza, "Bi Rukia, mbwa huyu anakula saa ngapi?"

"Anakula tunapokula," akasema. "Futari. Na makombo ya daku."

"Na mchana?"

"Mchana jikoni hapawashwi moto, mwanangu. Mwezi mtukufu huu." Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Yule mama alikuwa anakuja kuomba mchana. Anasema ni cha mbwa. Tukajua anajiombea yeye. Nikamgombeza."

Kaka, sijui nikuelezeje. Mbwa mdogo wa namna ile, mchanga, mwili wake hauna akiba. Nusu siku bila kula, sukari inakwisha mwilini, anaanguka. Si kichaa, si sumu, si minyoo, si dawa ya maharage. Ni njaa. Nimevuka wilaya nzima na Landrova, nikamchokonoa masikio na meno, nikamtia mtu kifungoni, kumbe ni njaa, katika nyumba ambayo kila mtu alikuwa na njaa kwa hiari yake na akaifahamu ya kwake tu. Saumu haina kosa. Tangu utoto tuliambiwa tunafunga ili tumkumbuke asiyekuwa na chakula. Naye alikuwa uwanjani anafagia.

Lakini kitu kimoja kilikuwa bado kinanisumbua. Ramadhani ilikuwa imefika wiki ya tatu, na vifafa, kwa maneno yao, vilianza siku chache tu kabla ya mimi kuitwa. Siku za mwanzo kwa nini hakuanguka? Nikaenda ofisi ya kata kumwuliza mtu pekee aliyejua. Walikuwa wamemweka kwenye chumba cha majembe. Nilipiga magoti kumsalimia, nikamwomba radhi. Kisha nikamuuliza.

"Nilikuwa naleta viazi vyangu toka nyumbani," akasema. "Viazi vitamu. Mchana nakula nusu, yeye namupa nusu. Alikuwa anaangalia mukono wangu, dada, nitafanya namna gani? Halafu viazi viliisha. Nikaomba kwa mama wa nyumba, akasema hapana. Ndiyo akaanza kuanguka."

"Na wewe," nikasema, "viazi vilipoisha, mchana ulikuwa unakula nini?"

Alifikiri kana kwamba nimeuliza jambo gumu. "Maji yalikuwepo," akasema.

Mtoto alikuwa ananyonya na hapati kitu, anaacha, anarudia. Basi huyo ndiye aliyemtilia mbwa sumu. Ndiye peke yake aliyekuwa anamweka hai, kwa viazi vyake.

Siku mbili zilizofuata nilimlisha Lulu mchana uji wa asali, na alasiri zote mbili zilipita bila kifafa. Nikaenda kwa Mkubwa nikamwambia. Alisikiliza mpaka nilipofika kwenye neno njaa, akaniinulia mkono.

"Binti," akasema, "unataka kuandika kwamba nyumbani kwangu kuna njaa? Watu wanafuturu kwangu mji mzima."

"Mzee, nyumba ina chakula. Mbwa ndiye hana."

"Andika ni ugonjwa wa damu. Mbwa wa Ulaya wana magonjwa yao."

Nikaandika kwamba sukari imepungua mwilini kwa kukaa muda mrefu bila kula. Akachukua kalamu yake akafuta kuanzia neno "kwa". Ikabaki sukari imepungua mwilini, kama mvua inavyopungua, bila mkono wa mtu. Nikamwuliza, na Skolastika je? Akasema barua imekwisha andikwa, na mkubwa harudi nyuma kwa neno lake. Hapo ndipo nilipoacha adabu mlangoni, unisamehe, na marehemu baba anisamehe. Nilimwambia mbwa yule sasa ni lazima alishwe mara nne kwa siku, kwa mkono, la sivyo ataanguka na safari hii hatainuka. Mzungu anarudi wiki ijayo. Mimi narudi Kibondo kesho. Nani katika nyumba hii atamgusa?

Alimtazama mkewe. Bi Rukia akatazama sakafu. Mkubwa akamwita dereva akamwambia aende kata akamlete yule mwanamke. Barua ya kumrudisha aliichana mbele yangu, kipande kwa kipande.

Hilo ndilo linalonichoma, Kaka. Ningependa nikuandikie kwamba haki ilipatikana. Skolastika hakuachiwa kwa sababu hana kosa. Hakuna aliyemwambia hana kosa. Aliachiwa kwa sababu mbwa anahitaji mtu. Yule mzee wa mbwa wa kuwindia hakuombwa hata radhi. Na mimi nilirudishwa Kibondo kwa gari, nikateremshwa hapa mlangoni, na nilipomwomba dereva tuendelee mpaka Mabamba akasema, "Petroli, dada."

Nilikwenda Mabamba kwa baiskeli siku ya tatu ya Idi. Nikamweleza Mzee Bukuru asali yake ilikokwenda. Alicheka mpaka akakohoa, lakini macho hayakucheka. "Kumbe asali yangu inajua njia ya kwa wakubwa," akasema. "Basi siku nyingine uifunge na barua, iwaambie nina ndama wawili waliobaki." Hao wawili nimewachoma sindano, na dawa ya kupe nimemwachia. Wakifa, sitakwenda tena Kasulu kwa mbwa wa mtu yeyote, waniachishe kazi wakitaka.

Sasa nikwambie jambo moja ambalo halimo kwenye ripoti, na kwa mama usilisome kabla hajakaa vizuri. Siku ya kuondoka Kasulu niliandika karatasi ya chakula cha Lulu, nikaigonga mhuri wa kazi, nikampa Bi Rukia mkononi. Niliandika hivi: asubuhi uji wa mahindi, sufuria nzima. Saa sita ugali na maharage, bakuli kubwa. Alasiri viazi vitamu vinne vya kuchemsha. Jioni maziwa, vikombe viwili. Vyote vipikwe upya, visiwe makombo, na Skolastika apewe yeye mwenyewe akalishe uwanjani. Tumbo la mbwa yule, Kaka, halizidi ngumi yangu.

Bi Rukia aliisoma polepole, akarudia. Skolastika alikuwa pale karibu anafagia, mtoto mgongoni.

"Vyote hivi?" akaniuliza.

"Vyote, Bi Rukia. Mbwa wa Ulaya."

Akamtazama mbwa. Akamtazama Skolastika, kwa mara ya kwanza tangu nifike nyumba ile. Halafu akaikunja karatasi akaitia upindoni mwa kanga, akaniuliza kwa sauti ya kunong'ona, "Nitie chumvi?"

"Tia," nikamwambia.

Nilifurahi kwa muda wa kutoka jikoni mpaka kwenye gari. Baada ya hapo hasira ikarudi, na haijatoka mpaka leo. Nimelazimika kuandika chakula cha mtu kwa jina la mbwa ndipo kikapita. Na Mzungu akirudi akamchukua mbwa wake, karatasi yangu itakwisha nguvu siku hiyo hiyo. Nimempelekea Bi Rukia neno kwa mtu anayesafiri, nikimwambia ajitafutie sababu nyingine ya kuwasha moto mchana. Hajanijibu.

Nisalimie mama na umpake mguu ile dawa niliyotuma, asiinywe. Msalimie wifi, umwambie kitenge chake nimekipata lakini si rangi aliyotaka, na atakivaa. Wasalimie watoto, mkubwa aache kumpanda mtamba. Msalimie Shangazi aliyenifundisha Kurani, umwambie nilikhitimu mwezi huu hata kwa hasira.

Na jambo la mwisho, Kaka. Unamkumbuka yule mama wa Kisandawe aliyekuwa akija kutusaidia kutwanga uwele tulipokuwa wadogo? Ramadhani alikuwa anashinda kwetu tangu asubuhi mpaka jua lizame, na hakuwa Mwislamu. Nimekaa siku nyingi najaribu kukumbuka, na sioni mahali popote akiwa ameshika sahani. Mwulize mama taratibu, usimkasirishe. Mwulize mchana tulikuwa tunampa nini, kisha uniandikie alivyokujibu.

Mimi mdogo wako,
Mwanaidi